Noti ya Nne

Déo tulimzika Jumanne, na mpaka tunanawa mikono langoni kwake, mtaa wa Nengo, kama ilivyo desturi yetu tukitoka makaburini, sikuwa nimetoa chozi. Nilikuwa na shughuli: mimi ndiye niliyeongoza kwaya, na mwongoza kwaya akilia sauti zote zinakwenda segemnege. Kilichonivunja ni harufu. Wanawake walikuwa wanakaanga sambaza uani, wale dagaa wetu wa ziwa Kivu, na mafuta yalipoanza kuchacharika nikajikuta nina miaka ishirini tena, nimekaa juu ya kreti ya bia nyuma ya ukumbi wa video wa Mama Fanny, sahani moja katikati yetu, na Déo ananisogezea wale wakubwa huku akijitia hamnazo. Nikaingia jikoni, nikafunga mlango, nikalia. Watu wa Gisenyi wananijua kama mwalimu wa muziki, mwanamke mkavu wa kugonga rula juu ya meza. Hawajui kwamba kusikiliza sikufundishwa shuleni, wala kanisani hasa. Nilifundishwa na filamu za kutisha, ndani ya chumba cha bati, mwaka mmoja tu, na mtu aliyekuwa akinizuia kuusikia muziki wa filamu hizo ndiye huyo tuliyetoka kumzika.

Ukumbi wenyewe ulikuwa sebule ya Mama Fanny iliyobomolewa ukuta mmoja. Madirisha yalizibwa kwa blanketi za kijivu, televisheni iliwekwa juu ya kabati la vyombo, na ndani ya kabati, nyuma ya kioo, vikombe vyake vya harusi vilitetemeka kila bunduki ilipolia kwenye filamu. Tulionyesha mara mbili, saa nane na saa kumi na moja. Mama Fanny mwenyewe hakuangalia hata moja. Alikaa mlangoni na sufu yake, anafuma sweta za watoto, na watu wakipiga kelele ndani alifanya ishara ya msalaba bila kuacha sindano. Kanda zilitoka Kigali au zilivuka mpaka kutoka Goma, nyingi kwa Kiingereza, lugha ambayo wakati ule ilikuwa ya wachache. Kwa hiyo tulikuwa na mfasiri. Déo alikaa pembeni mwa televisheni na maikrofoni, akageuza kila kitu kuwa Kiswahili chetu cha huku, amechanganya na Kinyarwanda, moja kwa moja, bila karatasi. Kazi yangu ilikuwa kuendesha deki ya video na kushika kitufe cha sauti. Déo akiinua mkono wa kushoto, nateremsha sauti ya filamu ili yeye asikike. Akiushusha, napandisha. Tulifanya hivyo siku sita kwa wiki, na nilifika mahali nikaujua ule mkono kuliko mkono wangu.

Alikuwa na miaka ishirini na sita, mwembamba, shati limechomekwa vizuri hata kwenye joto lile la bati. Alikuwa na sauti ya kulainisha mawe. Kila mtu kwenye filamu alipewa jina la kwetu, na kila nyumba ilihamishiwa kando ya ziwa. Filamu iliyopendwa kuliko zote watu waliiita tu "ile ya mulango": mjane mmoja wa kizungu, ambaye Déo alimbatiza Mama Jeanne, anahamia nyumba kubwa, na chini ya ngazi kuna mlango ambao ameambiwa asiufungue. Anajizuia muda mrefu. Kisha siku moja anachukua taa, anashuka ngazi polepole, na Déo hapo ndipo alipojimwaga. "Mama Jeanne, unaenda wapi? Mama Jeanne, rudia nyuma. We mwanamuke, uko na masikio? Usifungue iyo mulango." Watu waliisema pamoja naye, kama litania. Tuliionyesha ile filamu mara nyingi kiasi kwamba kanda ilianza kutia chenga kwenye picha.

Ilinichukua miezi kugundua kwamba chini ya sauti ya Déo kulikuwa na kitu kingine. Nilikuwa mwimbaji wa alto kanisani, solfa naijua, na siku moja, kidole kikiwa juu ya kitufe, nikasikia sauti nzito za chini zinashuka: la, sol, fa, halafu mi. Zinarudia: la, sol, fa, na mi inachelewa kidogo. Zinarudia tena, na mi inachelewa zaidi. Juu yake violini zimeshika noti moja nyembamba, hazitikisiki. Nikaelewa ghafla kwamba kinachotutisha si mlango wala taa. Ni ile noti ya nne isiyofika. Mtu fulani, mbali huko, alikuwa amekaa na okestra nzima, watu hamsini au zaidi, akawaambia wasubiri. Tangu siku hiyo nikawa nakuja na daftari. Nilipata kipande leo, kipande kesho, nikaviandika kwa solfa katika sauti nne kama nyimbo za kwaya, kwa sababu sikujua namna nyingine ya kuandika muziki. Mama Fanny hakuruhusu deki iwashwe nje ya saa za kazi, alisema kichwa cha deki kitaisha, hivyo nilisikia tu kile ambacho Déo aliniachia. Na mahali pamoja hakuniachia kitu: aliposema "usifungue iyo mulango," mkono ulikuwa juu kabisa, na mimi mwenyewe, kwa kidole changu, nilikuwa nimezima violini. Vipimo viwili vizima vya muziki sikuvisikia kamwe. Mwishowe nikavijaza kwa akili yangu. Nilitunga alto inayopanda kidogo na kushuka, kama mtu anayetaka kuuliza kitu akaghairi.

"We Spé, unaandikaka nini mule?" Déo aliniuliza siku moja, tumekaa nyuma na sahani yetu, kati ya onyesho la kwanza na la pili.

"Ile muziki ya mulango."

Aliacha kutafuna. "Kwani kuna muziki?"

Hakuwa anatania. Nikamwimbia sauti ya chini, mdomo umefungwa, na yeye akasikiliza kichwa kimeinama, sambaza mkononi, mpaka nikamaliza. Alikuwa amekaa nusu mita kutoka kwenye ile spika mwaka mzima. Nikapata ujasiri, nikamwomba. Pale kwenye ngazi, Mama Jeanne anaposhuka na taa, anyamaze. Dakika mbili tu. Watu wataogopa mpaka watoke kwenye mabenchi.

"Apana," alisema, kwa upole. Akaangalia mlango wa jikoni kwa Mama Fanny, akateremsha sauti. "Bon. Nitakuambia kitu, na usimuambie mutu. Ile Kingereza, mi sisikiaka. Hata kidogo. Naangalia tu midomo na macho. Mutu akikasirika, nakasirika. Akilia, nalia."

"Na ukikosea?"

"Nakosea kila siku. Lakini mutu mwenye anaongea bila kusimama, nani atamuuliza? Nikinyamaza, wataanza kusikia wenyewe. Donc watajua siko na kitu."

"Pale haiko Kingereza, Déo. Iko muziki tupu."

"Njo mubaya zaidi. Pale hakuna hata mudomo ya kuangalia." Akacheka, lakini macho hayakucheka. "Mi nikinyamaza, sha, niko nani?"

Nilimpenda, niseme wazi, sasa nina umri wa kusema. Nilimpenda kwa siri ile aliyonipa kuliko kwa shati lake na sauti yake. Lakini ujana una ukatili wake. Badala ya kuitunza siri, nilianza kuiona kama hoja: kama hajui Kiingereza, basi ana haki gani ya kuufunika muziki? Nikawa na hasira ya mtu aliyegundua dhahabu na hakuna anayetaka kuiona. Kwaresima ilikuwa imeanza. Jumamosi ya pili ukumbi ulijaa, wafanyabiashara wa mpakani wamekaa hadi sakafuni, na ilikuwa zamu ya ile ya mlango. Mama Jeanne akachukua taa. Mkono wa Déo ukapanda. Sikuteremsha. Akauinua tena, bila kunitazama, akidhani sijaona. Nikaangalia televisheni. Violini zikajaa chumba kizima kwa mara ya kwanza, vikombe vya harusi vikaanza kuimba kabatini, na Déo akalazimika kupiga kelele juu yake: "Mama Jeanne, usifungue!" Sauti ikamkatika kama ya kijana anayebaleghe. Mtu mmoja nyuma akasema, "Déo, leo muziki imekushinda," na ukumbi mzima ukaangua kicheko, hata vile vipimo viwili vikanipita tena. Hakuna aliyeogopa. Hakuna hata aliyesikiliza. Déo akaweka maikrofoni juu ya kabati, taratibu, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Mama Fanny alinilazimisha kuomba msamaha, nikaomba. Déo akasema "haina shida," kwa mdomo. Tulifanya kazi pamoja wiki zilizofuata, mkono juu, mkono chini, na nilimtii kila mara. Lakini sahani ikawa mbili. Alikula sambaza wake amesimama, amegeukia ukuta.

Huku nyuma, kanisani, jambo lingine lilikuwa linapikwa bila mimi kujua. Kwaya yetu iliongozwa na Mwalimu Gaspard, aliyerudi kutoka Tanzania na Kiswahili chake kilichonyooka, miwani imefungwa kwa uzi. Kuanzia Alhamisi Kuu mpaka mkesha wa Pasaka kinanda hakipigwi, na kila mwaka alihangaika na Ijumaa Kuu: foleni ya kubusu msalaba ni ndefu, watu mia kadhaa, nyimbo zinakwisha kabla ya watu. Jumatano moja nilisahau daftari kwenye benchi la kwaya. Mazoezi yaliyofuata akaniita pembeni.

"Binti yangu, hii umeiandika wewe?"

Nikaangalia ukurasa. Mwandiko ulikuwa wangu. "Ndiyo, Mwalimu."

"Haina maneno."

"Haina, Mwalimu."

"Isiwe nayo. Tutaiimba kwa midomo iliyofungwa." Akagusa ile mi iliyochelewa kwa ncha ya kalamu. "Hapa umefanya vizuri sana. Nani amekufundisha kusubiri?"

Hapo ndipo ningesema. Sikusema. Sifa ni tamu, hasa kwa mtu anayekula sahani yake bila kusemeshwa. Kwa wiki tatu tulifanya mazoezi ya muziki wa mwanamke anayeshuka na taa kwenda kwenye mlango, na wazee wa kwaya walifumba macho wakiuimba. Niliogopa kugundulika, usiniulize. Lakini nilijipa moyo: wateja wa Mama Fanny hawatautambua, kwa sababu hawajawahi kuusikia. Déo amewafunika masikio mwaka mzima.

Ijumaa Kuu mvua ilinyesha mchana wote kutoka ziwani. Saa tisa kanisa lilijaa, makoti yamelowa, harufu ya sufu na udongo. Foleni ikaanza kusogea kuelekea msalaba na sisi tukaanza. La, sol, fa. Sikuwahi kuusikia ukiwa mzima, bila mtu juu yake, na ukiwa umebebwa na watu ninaowajua kwa majina. Machozi yalinijaa. Mwalimu Gaspard alishikilia mkono hewani kabla ya ile mi, akasubiri, na mimi nikaona kitu ambacho nakiona mpaka leo. Katika mabenchi ya nyuma, walikokaa wengi wa wateja wetu, vichwa viligeuka. Mmoja, watatu, kumi. Waliangalia mlango wa kanisa nyuma yao, kisha wakatazamana, hawajui kwa nini wamegeuka. Kumbe masikio yao yalikuwa yameusikia siku zote, chini kabisa, huko ambako Déo hakufika.

Tuliurudia mara mbili, na mara ya tatu Déo alikuwa kwenye foleni, watu wanne tu kabla ya msalaba. Alitembea kichwa chini. Tukafika mahali pale pa vipimo viwili. Mkono wake wa kushoto ukapanda. Sidhani alijua. Ulipanda wenyewe kama ulivyopanda mara mia, na mimi, Mungu anisamehe, nilinyamaza. Alto wote walikuwa wananifuata mimi, wakanyamaza pia. Kwenye lile pengo, katika kanisa lenye watu mia kadhaa, sauti ya Déo ikatoka, nzuri, ya kazini: "Mama Jeanne, usifungue iyo mulango."

Alisimama mkono ukiwa bado juu. Msichana mmoja akacheka, akaziba mdomo. Halafu nyuma kukaanza mnong'ono, "ile ya mulango, ile ya mulango," ukapita benchi kwa benchi kama moto wa nyasi. Déo akashusha mkono, akanigeukia. Sijawahi kuangaliwa vile tena. Akatoka kwenye foleni bila kubusu msalaba, akapita katikati ya kanisa lote, miguu yake inasikika.

Nilimkimbilia baada ya ibada, nikamkuta chini ya bati la duka lililofungwa, anasubiri mvua.

"Ulinitega," alisema.

"Apana, Déo. Mwalimu alikuta daftari..."

"Ile siku ulitaka wanicheke mbele ya watu wa video. Haikutosha. Leo umenileta mbele ya Mungu." Alizungumza polepole, mfasiri asiye na filamu. "Mi nilikuambia kitu moja, Spé. Kitu moja tu mu maisha yangu."

Nilimwambia nimenyamaza kwa sababu ya mkono wake, kwa mazoea, kwa utii. Nilimwambia sikupanga. Yote kweli, na yote hayakusaidia, kwa sababu nyuma ya yote kulikuwa na ile Jumamosi ambayo nilipanga. Mvua ilipopungua akaondoka. Wiki ya Pasaka alihamia Goma, na Mama Fanny akapata mfasiri mwingine, aliyejua Kiingereza vizuri na hakuna aliyemwogopa wala kumcheka. Mwalimu Gaspard naye aliambiwa yote na mke wake kabla ya jioni. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama ni kweli, akavua miwani, akasema mwaka mzima sitaimba. Daftari hakurudisha. Ijumaa Kuu iliyofuata nilikaa na waumini, na foleni ilipoanza nikasikia la, sol, fa, na mkono wa Mwalimu hewani unasubiri. Na ile alto yangu ya kubuni, vipimo viwili, imo. Tunauimba mpaka leo. Mapadri wamebadilika, wengi wanaamini ni wimbo wa zamani wa Bara la Ulaya, na kwa namna fulani ni kweli.

Déo alirudi kuishi huku miaka saba iliyopita, na mke, watoto wakubwa na kifua kibovu. Tulikutana sokoni, tukasalimiana, tukaulizana habari za watoto. Tulikutana tena mara nyingi. Kila mara nilijiambia leo nitasema, na kila mara tukaongea habari za bei ya viazi. Najilaumu. Mtu aliyefundisha watu kusubiri noti kwa miaka thelathini anaweza kusubiri mpaka noti isifike kabisa.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayalilia jikoni Aline alipogonga. Ni binti yake wa kwanza, anafanya kazi ofisini mjini, na ana shingo ya baba yake. "Tantine Spé, mbona umejifungia?" Akaniona, akakaa kwenye kigoda pembeni yangu. Baadaye akatoa simu. Baba yake, alisema, alifasiri filamu mpaka mwisho, anarekodi chumbani, watu wanachukua kwenye simu zao. Mwaka jana, akiwa anaumwa tayari, alirudia ya zamani sana. Yeye na ndugu zake walikuwa wanataka kuisikiliza siku ile kwa ajili ya sauti yake. Akabonyeza.

Ilikuwa Mama Jeanne. Sauti ya Déo ilikuwa imekwaruzika, anakohoa katikati ya sentensi, lakini majina yalikuwa yale yale na nyumba bado iko kando ya ziwa. Mwanamke akachukua taa. Nikajiandaa. "Bon," akasema Déo. "Hapa mi nanyamaza. Musikie."

Akanyamaza. Hakuzima maikrofoni, kwa hiyo pumzi yake ilikuwemo, nzito, na kiti kinacholia, na mvua juu ya bati. La, sol, fa. Mi ikachelewa. Tukafika kwenye vile vipimo viwili, na mimi, mwanamke wa umri huu, nikasikia kwa mara ya kwanza violini zinafanya nini pale: zinapanda, juu sana, hazirudi. Si kama nilivyobuni hata kidogo. Na chini yake, mdomo umefungwa, mtu mgonjwa anaimba alto yangu, ile ya Ijumaa Kuu. Inapanda kidogo, inashuka. Haikupatana na violini. Ilikwaruzana nazo pale pale, na yeye hakuiacha mpaka ikaisha.

"Anaharibia hapo tu," Aline alisema. "Nilikuwa namuambia, Papa, ile haiko mu film. Ananijibu: iko, ni ninyi hamuisikie."

Nikamwomba arudishe nyuma. Akanipa simu niishike mwenyewe, na Mama Jeanne alipochukua taa tena, nikatafuta kitufe cha sauti kwa kidole, nikapandisha mpaka mwisho.